Gredi ya 7 hawawezi kusoma kitabu cha Sayansi: tuchague programu ipi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika sekondari msingi, Kaunti ya Kilifi. Tuna wanafunzi wengi wa Gredi ya 7 na ya 8 wasioweza kusoma ukurasa mmoja wa kitabu cha Sayansi wakauelewa. Bodi ya shule imetenga pesa kidogo na tumeletewa programu tatu. Ya kwanza ni ya masomo kwenye vishikwambi. Ya pili inatoa mafunzo ya wiki moja kwa walimu, kisha inatuachia vitabu na miongozo. Ya tatu ni ya vijana wa kujitolea, haina malipo, kila siku saa kumi alasiri. Wote wametuonyesha ripoti kwamba watoto waliowafundisha walipanda sana. Tuchague vipi? Na wale tutakaowakosea nafasi, tuwaambie nini wazazi wao?

JIBU: Mwalimu, nianze na hizo ripoti, maana ndizo zitakazowekwa mezani bodi itakapokutana, na ndizo zinazopotosha kuliko kitu kingine chochote. Bila shaka zinafanana: watoto walipimwa mwanzoni, wakapimwa tena miezi kadhaa baadaye, alama zikapanda, na kuna mchoro wa nguzo mbili, moja fupi na moja ndefu. Waulize wote watatu swali moja, na usione haya kulirudia: watoto wa aina hiyohiyo ambao hawakupata programu yenu walipanda kiasi gani katika miezi hiyohiyo?

Wasipokuwa na jibu, ile nguzo ndefu haikuambii lolote. Mtoto wa miaka 13 anayehudhuria masomo kila siku husonga mbele kidogo hata pasipo programu. Halafu kuna jinsi watoto wanavyochaguliwa. Shule hutoa mtihani mmoja, kisha huchukua 30 wa mwisho. Katika hao 30 wamo wasiojua kusoma kwelikweli, lakini yumo pia aliyefanya mtihani akiwa na homa, aliyerudishwa nyumbani jana yake kufuata hela ya chakula, na aliyebahatisha majibu yote yakawa mabaya. Ukiwapima tena baada ya mwezi, hata kama hukuwafundisha neno, hao watapanda na wastani wa kundi zima utapanda nao. Ni sawa na mgonjwa anayekwenda zahanati siku homa imefika kileleni. Kesho yake atapata nafuu hata kama alichopewa ni maji matupu. Wanatakwimu wanalijua jambo hili tangu mtafiti Mwingereza Francis Galton alipoliandikia mwaka 1886. Programu za watoto wanaosoma kwa shida hubebwa nalo kuliko programu nyingine zozote, kwa kuwa siku zote huanza na walio chini kabisa.

Angalia pia nani alitunga mtihani. Kama kampuni iliwafundisha watoto maneno 200, kisha ikawapima kwa maneno hayohayo 200, wamejua maneno hayo. Kama wanaweza kusoma kitabu cha Sayansi hatujui bado. Watafiti Alan Cheung na Robert Slavin walichapisha mwaka 2016 uchambuzi wa mamia ya tafiti za elimu, wakakuta kwamba mitihani iliyotungwa na wenye programu huonyesha mafanikio takriban mara mbili ya mitihani huru, na kwamba tafiti ndogondogo hukuza matokeo vivyo hivyo. Na uhesabu watoto. Ikiwa waliopimwa mwanzoni walikuwa 60 na waliopimwa mwisho ni 41, uliza wale 19 walikwenda wapi. Mara nyingi walioacha ndio walioona hawapati kitu.

Nakupa mfano wa nyumbani ambao kila mjumbe wa bodi angefaa kuujua. Wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na wenzao walichunguza chati za kufundishia katika shule za msingi za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya. Kwanza walilinganisha shule zilizokuwa nazo na zisizokuwa nazo, kama ripoti zinavyofanya kila siku. Zilizokuwa na chati zilikuwa na alama nzuri zaidi, na yeyote angesema chati zinafanya kazi. Kisha wakachukua shule 178, nusu zikapewa chati kwa bahati nasibu. Baada ya hapo tofauti ilikuwa sifuri. Huenda shule zilizokuwa na chati tangu awali ni zile zilizokuwa na mwalimu mkuu mwenye bidii na wazazi wenye uwezo, na alama zilitoka huko. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2004, na sioni kama tumejifunza kutoka kwake kiasi cha kutosha, kwa sababu bado tunanunua vitu kwa kutazama shule ya jirani ina nini.

Kabla hamjaenda mbali na wauzaji, wapimeni watoto wenu wenyewe. Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi, kwa sababu neno "hawawezi kusoma" linafunika matatizo yasiyofanana hata kidogo, na programu inayotibu moja haigusi jingine.

Chukua aya ya maneno 150 hivi kutoka kitabu cha Gredi ya 5, moja ya Kiingereza na nyingine ya Kiswahili. Kaa na mtoto mmoja mmoja, mahali ambapo wenzake hawasikii. Asome kwa sauti kwa dakika moja huku wewe umeshika nakala yako na kalamu, ukipiga mstari chini ya kila neno alilokosea na kuandika juu yake alichosema. Usimrekebishe. Dakika ikiisha, mwache amalize kimya, kisha umuulize maswali matano na umruhusu ajibu kwa Kiswahili. Kwa mtoto mmoja, lugha zote mbili, ni dakika kumi na chache.

Yale maneno uliyoandika juu ya mistari ndiyo hazina. Tuseme sentensi ni "Farmers in this arid region depend on irrigation." Mtoto anasoma upesi, bila kusita: "Farmers in this area religion depend on immigration." Huyu hana shida ya herufi. Maneno mafupi anayajua. Neno refu analishika kwa herufi za mwanzo na umbo lake, kisha anakisia, na zaidi ya hapo hasimami ingawa sentensi aliyosoma haina maana. Ukimrudisha kwenye a, e, i, o, u utampotezea mwaka na kumuaibisha. Anachohitaji ni kufundishwa kulikata neno refu vipande, kuijua -tion kila anapokutana nayo, na kuzoea kujiuliza "nimesoma nini hapa?"

Anafuata mwenzake anayesoma sentensi ileile sawasawa, kwa matamshi mazuri. Unamuuliza "arid" ni nini, kimya. Unamuuliza wakulima wanategemea nini, anakurudishia "irrigation" kama ilivyo kwenye karatasi. Mwulize kwa Kiswahili habari za ukame wa Ganze au Magarini atakueleza mpaka uchoke kusikiliza. Macho yake yanasoma. Msamiati wa Kiingereza ndio haupo. Programu ya kufundisha sauti za herufi haina cha kumpa.

Na yuko wa tatu, ambaye hata aya ya Kiswahili haimalizi. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo anayekwama hapo baada ya miaka sita ya shule ana pengo la msingi kabisa: kuunganisha silabi. Huyo mpimeni macho na masikio kwanza, halafu aanze na Kiswahili kabla ya Kiingereza. Viwango vilivyotumika nchini kwa madarasa ya chini wakati wa Tusome, mpango wa kitaifa wa kufundisha kusoma, vilihesabu maneno 65 kwa dakika ya Kiingereza na 45 ya Kiswahili kuwa ndiyo kusoma kwa ufasaha. Mwanafunzi wa Gredi ya 7 aliye chini ya hapo katika lugha zote mbili ni wa kundi hili.

Watafiti Philip Gough na William Tunmer waliliweka jambo hili katika hesabu moja mwaka 1986: kuelewa unachosoma ni uwezo wa kutambua maneno, mara uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Walisema "mara", yaani kuzidisha, kwa makusudi, wala hawakusema kujumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata upande wa pili uwe mkubwa kiasi gani. Programu nyingi za kigeni za umri huu zimetungwa kwa watoto wanaoongea Kiingereza tangu nyumbani. Zinachukulia kwamba mtoto akishalitamka neno atalitambua kwa sikio. Mtoto anayeongea Kigiriama nyumbani na Kiswahili sokoni hana hifadhi hiyo ya maneno. Kwa hiyo waulize wale wa vishikwambi na wale wa vitabu: sehemu ya msamiati iko wapi, na inachukua dakika ngapi kwa wiki?

Mkishawapima mtakuwa na makundi matatu, yasiyolingana kwa ukubwa. Programu itakayokuja na kitabu kimoja kwa wote itawafaa wachache tu. Hilo nalo limepimwa hapahapa kwetu. Glewwe, Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia ugawaji wa vitabu vya kiada katika shule za Busia na Teso, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Vitabu viliwasaidia wanafunzi waliokuwa juu tangu mwanzo; wengine wote havikuwasogeza, maana vilikuwa vya Kiingereza na vigumu kwao. Kinyume chake, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walipogawa madarasa ya kwanza ya shule za magharibi mwa Kenya kwa kiwango cha watoto, katika jaribio la shule 121 lililoanza mwaka 2005, walio juu na walio chini wote walipanda kuliko katika shule zilizochanganya. Wale walikuwa wadogo kuliko wenu, lakini sababu yake inahusu umri wowote: mwalimu aliweza kufundisha palepale watoto walipo.

Kuhusu kilichomo ndani ya programu, mwongozo ninaouamini ni ule uliotolewa mwaka 2022 na taasisi ya utafiti ya Wizara ya Elimu ya Marekani, kwa wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 9. Unataka mtoto afundishwe kusoma maneno marefu yenye silabi nyingi. Unataka azoezwe kusoma kwa mtiririko, kwa kurudia matini kwa lengo fulani. Unataka mbinu za ufahamu zitumike kila kipindi: kujenga maarifa ya mada na msamiati, kuuliza na kujibu maswali, kutoa kiini cha aya, kujikagua unapopotea. Na unataka mtoto apewe pia, akiwa na mwalimu kando, matini iliyo ngumu kidogo kuliko uwezo wake. Fungua mwongozo wa hao wenye vitabu, katikati, somo la 20 kwa mfano, uone kama hayo yapo au ni kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Tazama na picha. Kijana aliyebaleghe hatashika kitabu chenye picha ya paka na mpira mbele ya wenzake, hata kama kiwango chake ni hicho. Atakwepa, atavuruga, mtamwita mtukutu. Matini iwe rahisi lakini habari iwe ya rika lake: mpira, pikipiki, bahari, pesa.

Sasa nani atafundisha, na saa ngapi. Mchumi Tessa Bold na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti wa walimu wa mkataba nchini Kenya, katika shule 192. Mpango ulikuwa mmoja. Pale uliposimamiwa na shirika lisilo la serikali, alama zilipanda. Uliposimamiwa na serikali, hazikupanda kabisa. Kwa hiyo ripoti nzuri kutoka shule ambako wenye programu walikuwa wakija kila wiki kukagua haiwahusu ninyi ikiwa kwenu watakuja wiki moja na kuondoka. Hii ndiyo shaka yangu kubwa juu ya programu yenu ya pili. Mafunzo ya wiki moja hufifia. Kinachobaki ni yule mtu anayerudi kukaa nyuma ya darasa lako, akakuona ukifundisha, mkazungumza.

Na ile ya saa kumi alasiri: Kilifi, saa hizo, watoto wangapi wako chuoni wakisoma Kurani? Wangapi wanateka maji au wanalea wadogo zao? Watakaobaki shuleni ndio wenye nafasi, na mara nyingi si hao mnaowatafuta. Halafu "haina malipo" isiwafumbe macho. Saa za mtoto anayesoma kwa shida ni mali. Muda mzuri uko ndani ya ratiba. Kipindi cha sekondari msingi ni dakika 40. Vipindi vitatu au vinne kwa wiki, kundi la watoto wasiozidi saba au wanane, muhula mzima na zaidi: hicho ndicho kiwango cha chini ambacho ningekubali kukiita programu. Msivitoe kwenye michezo. Mnaweza kukubaliana na walimu wa Sayansi na Masomo ya Jamii kwamba matini za vipindi hivyo zitatoka kwenye mada zao.

Bodi itataka kujua itegemee nini. Iambieni ukweli. Marekani walijaribu programu mbili za aina hii, kwa wanafunzi wa darasa la 9 katika shule 34, wanafunzi wakichaguliwa kwa kura, kila siku, mwaka mzima, zikichukua nafasi ya somo la hiari. Mwisho wa mwaka wa kwanza ufahamu wao ulikuwa umepanda kuliko wa wenzao, lakini kidogo: ukipanga watoto mia foleni, wa katikati angesogea mbele nafasi tatu au nne. Takriban watatu kati ya kila wanne walikuwa bado nyuma kwa madarasa mawili au zaidi. Na hizo zilikuwa programu zenye walimu waliofunzwa na pesa za kutosha. Anayewaahidi kwamba mtoto wa Gredi ya 7 atafika kiwango chake kwa wiki sita hajawahi kumpima mtoto huyo vizuri. Kupanda kidogo kwa kweli kuna thamani; kwa kundi la tatu, kutoka silabi hadi aya nzima ya Kiswahili katika mwaka ni mabadiliko ya maisha.

Ushauri wangu basi ni huu. Chukueni ile ya pili, kwa masharti. Waambieni wapunguze vitabu na fedha hiyo iende kwenye ziara za kurudi darasani, angalau mbili kila mwezi katika muhula wa kwanza wa programu. Wakikataa, wamewajibu. Vishikwambi viwekeni kando kwa sasa, mpaka mwenye kampuni akuonyeshe, mtoto wako akiwa ameketi mbele yake, kwamba programu inasikia anaposema "religion" badala ya "region" na inajua la kumfanyia; nyingi hutegemea kubofya jibu, na mtoto mjanja hujifunza kubofya. Vijana wa kujitolea waombeni waje wakati wa mapumziko ya mchana au vipindi vya maktaba, kazi yao iwe kusikiliza watoto wakisoma kwa sauti, kwa kufuata karatasi mtakayowaandalia ninyi.

Na kwa kuwa nafasi hazitoshi, zitumieni kujipima. Tuseme mmepata watoto 40 wenye haja na mna nafasi 20. Pigeni kura ndani ya kila kundi la tatizo, ili pande zote mbili ziwe na watoto wa aina zote tatu. Ishirini waanze muhula huu, ishirini muhula ujao. Mwisho wa muhula wapimeni wote 40, kwa aya mpya ya ugumu uleule, na mpimaji awe mwalimu asiyejua nani alikuwa wapi. Mwenye programu asiguse kalamu. Andikeni mahudhurio ya kila kipindi. Watoto 20 kwa 20 hawatoshi kuonyesha tofauti ndogo, kwa hiyo mkipata shule mbili tatu za jirani zifanye vivyo hivyo na mkajumlisha, jibu litakuwa na uzito. Wote 40 wakipanda sawasawa, mtajua programu haikuongeza kitu, na mtakuwa mmelijua kwa gharama ya muhula mmoja.

Kwa wazazi, waiteni wote wa hao 40 siku moja, kabla ya kura. Waambieni kwamba kila mtoto aliyeitwa anahitaji msaada, kwamba nafasi za sasa ni 20, na kwamba hakuna aliyependelewa kwa jina, ukoo wala cheo. Kura ichezwe mbele yao. Wa zamu ya pili wapewe tarehe ya kuanza, kwa maandishi, na tarehe hiyo iheshimiwe hata kama pesa zimebana. Mzazi akiuliza maendeleo, mwonyesheni karatasi mbili za mtoto wake, ya mwanzo na ya mwisho, zile zenye mistari na maneno yaliyoandikwa juu yake, mkamsomee alichokosea zamani na anachokisoma leo. Wastani wa makundi mawili pelekeeni bodi.